Jina Halimo: Ukikosa Nafasi ya Kusomea Udaktari wa Mifugo

Kila mwaka, siku chache baada ya vyuo kutoa majina ya awamu ya kwanza, dukani kwangu huanza kuja vijana wasionunua kitu. Husimama upande wa mawe ya kulamba na makopo ya dawa za minyoo, wakisoma lebo moja baada ya nyingine na kusubiri wateja wapungue. Nimeshawajua kwa kusimama kwao. Nikimaliza kumhudumia mzee mwenye mbuzi wanaoharisha, kijana husogea. "Shikamoo dokta." "Marahaba, mdogo wangu. Umekosa?" Wengine huinamisha kichwa tu. Wengine machozi hutangulia maneno.

Mimi ni daktari wa mifugo. Kabla sijawa daktari nilikosa nafasi mara mbili, nikaipata mara ya tatu. Katikati hapo kuna miaka mitatu: miwili ya diploma na mmoja wa kushinda joshoni na kuchanja kuku vijijini. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia vijana hao, maana dukani hakukosi mtu anayeingia kutaka dawa ya kupe, na mazungumzo yetu hukatikia njiani.

Siku tatu za mwanzo

Lia. Nalisema hili kwanza kwa sababu karibu wote wanaokuja wameshaambiwa wajikaze. Kwa wengi wao hamu hii haikuanzia kidato cha sita. Ilianza siku ndama wa nyumbani alipokufa, baba amesimama anatazama, na bwana mifugo yuko kata ya tatu hana usafiri. Mtu aliyebeba jambo moyoni tangu ana miaka minane hawezi kulitua kwa dakika moja mbele ya simu. Jipe siku tatu. Katika siku hizo usiamue lolote kubwa: usijiandikishe kozi usiyoijua kwa sababu tu rafiki yako anakwenda huko, usichome madaftari ya kemia, usimwandikie mtu yeyote wa ofisini ukiwa na hasira.

Jambo moja tu lisisubiri, nalo ni kumwambia mzazi. Mwambie jioni ileile, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa jirani ambaye mtoto wake amepata. Mimi nilificha siku tisa. Siku ya tisa baba akarudi mnadani ameshakubaliana bei ya fahali wetu, kwa ajili ya safari yangu ya chuo. Ikabidi nimwambie mbele ya mnunuzi. Baba hakunigombeza. Alimwomba yule mtu radhi, akamfungua fahali kwenye mti, akamrudisha zizini. Ile hatua yake ya kurudi zizini naikumbuka kuliko lile jibu la chuo.

Kama hujui uanzeje, sema hivi: "Baba, awamu ya kwanza nimekosa. Naomba siku tatu nijue sababu, kisha nitakuletea njia mbili tuzitazame pamoja." Mzazi akishajua kwamba kuna sababu inatafutwa na kuna njia zinakuja, hawezi kukimbilia kukupangia. Shangazi atakuuliza ualimu una ubaya gani. Usibishane naye. "Nimekusikia shangazi, nitalifikiria" inatosha, na ulifikirie kweli, kwa sababu anayeuliza hivyo anachoogopa ni kukuona umekaa bure.

Na katika siku hizohizo ndipo matapeli hupiga simu. Atakwambia ana mtu wake kwenye udahili, nafasi mbili zimebaki, utume hela kabla ya saa kumi. Usitume hata shilingi. Nafasi huonekana kwenye akaunti yako ya maombi, na malipo halali huwa na namba yake ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo. Anayekutaka utume kwenye namba ya simu yake anachukua nauli ya mama yako.

Umekosa kwa kipi?

Siku ya nne, toa slipu yako ya matokeo, chukua kalamu, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo vijana wengi wanaporuka. Wanajua wamekosa, hawajui wamekosa kwa kipi. Ukimtibu ng'ombe kwa kuwa tu "anaumwa" utamchoma sindano ya ndigana kali kumbe amekula mfuko wa nailoni.

Kukosa kwa namna ya kwanza ni kutokidhi vigezo. Tafuta mstari wa shahada ya udaktari wa mifugo, weka kidole chini ya kila neno, linganisha na slipu. Fani hii hutazama kwanza baiolojia na kemia. Kijana anaweza kuwa na jumla nzuri na bado mlango usifunguke, kwa kuwa jumla imejengwa na somo jingine. Katika hesabu ya udahili A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mmoja ana B ya baiolojia na D ya kemia, anapata 6. Mwenzake ana B ya jiografia na D ya baiolojia, naye anapata 6. Pointi zao ni sawa lakini mlango si mmoja. Tazama pia kidato cha nne: kuna vijana wanaokagua slipu ya kidato cha sita peke yake, kumbe mwongozo unadai kitu fulani cha kidato cha nne ambacho walishakisahau.

Namna ya pili ni kukidhi vigezo na kuzidiwa na wenzako. Nani asiumie? Slipu inasema unafaa, jibu linasema huna nafasi. Elewa kwamba kukidhi vigezo ni kuruhusiwa kupanga foleni. Foleni yenyewe ni ndefu kwa sababu mlango ni mwembamba. Mafunzo ya udaktari wa mifugo hapa Tanzania yalianza Morogoro mwaka 1976, wakati kitivo cha huko kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na hadi leo tunaposema "kusomea vet" wengi wetu tunamaanisha SUA. Kabla ya mafunzo hayo kuanza Morogoro, madaktari wetu walikwenda Kabete, Nairobi. Darasa la fani hii haliwezi kujazwa kama ukumbi wa mihadhara. Kila mwanafunzi lazima apasue mzoga kwa mkono wake, ashike mnyama mgonjwa, asimame kliniki na mwalimu pembeni, kwa miaka 5. Kwa hiyo mwenye pointi 8 anaweza kukosa mwaka ambao wenye 9 na 10 walikuwa wengi, na mwaka unaofuata pointi zile zile 8 zikampeleka. Hapo hakuna kilichopungua kwako wewe.

Namna ya tatu ni kosa la maombi, na hii ndiyo inayoniuma zaidi nikiikuta, kwa kuwa ingezuilika. Namba ya mtihani imekosewa tarakimu moja. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi ambayo cheti cha mtihani hakina. Ada ya maombi haikulipwa kwa sababu namba ya malipo iliisha muda. Mwenye vyeti vya nje ya nchi hakupeleka vyeti vyake Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu. Mimi mara yangu ya pili niliangukia hapa. Nilikuwa na diploma nzuri mkononi, lakini mwenye diploma anapoomba shahada anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na mimi nilianza kuishughulikia dirisha likiwa limebakiza siku mbili. Mwaka mzima ukaenda kwa namba. Ndiyo maana kila mwenye diploma anayeingia dukani kwangu humwuliza AVN kabla sijamwuliza jina.

Ukiwa huna hakika ni namna ipi, uliza. Andika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili: jina kamili, namba ya maombi, namba ya mtihani, kozi uliyoomba, kisha swali moja: "Naomba kufahamishwa iwapo maombi yangu hayakukidhi vigezo au yalikidhi lakini nafasi zilijaa, ili nijiandae ipasavyo." Usiwaeleze uliteseka vipi shuleni wala usimtaje mwenzako aliyepata kwa alama kama zako. Anayesoma barua hiyo ana mamia mbele yake, na barua yenye swali moja ndiyo hupata jibu.

Awamu ya pili

Kama ni namna ya pili au ya tatu, usisubiri mwaka. Awamu ya pili huwa na nafasi za kweli. Walioitwa vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri wanayotumiwa kwenye simu, na wakishathibitisha, nafasi walizoziacha hurudi mezani. Angalia tangazo la chuo uone kama kozi yako bado ina nafasi. Sahihisha kosa, omba tena siku za mwanzo za dirisha, mchana mtandao unapokuwa mzito wewe uwe umeshamaliza asubuhi.

Jambo la mkopo hapa husahaulika. Dirisha la Bodi ya Mikopo halikusubiri upate chuo, likifungwa limefungwa. Omba mkopo hata kama awamu ya kwanza umekosa, vinginevyo utaitwa awamu ya pili ukiwa na nafasi bila ada.

Kwenye fomu weka na kozi nyingine ambayo ungeisoma kwa moyo: sayansi ya wanyama, usimamizi wa nyanda za malisho, wanyamapori, maabara. Ni kazi za heshima na nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 inawahitaji watu hao. Lakini usiingie huko ukijidanganya kwamba ni mlango wa uani wa udaktari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka Baraza la Veterinari, na Baraza humsajili kama daktari wa mifugo mwenye shahada ya udaktari wa mifugo. Kama utaingia sayansi ya wanyama, iingie kwa ajili yake yenyewe.

Kurisiti au diploma

Aliyekosa kwa namna ya kwanza ana njia mbili kubwa, na kila mmoja nyumbani atakuwa na maoni. Yangu ni haya.

Kama kilichokuangusha ni somo moja, na masomo mengine yako imara, risiti. Unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, unafanya mtihani Mei, mwaka huohuo unaomba. Lakini kabla ya kulipa uliza mambo mawili. Kwanza, uulize chuo unachokitaka kama kinaunganisha matokeo ya vikao viwili, usije ukafanya somo moja kumbe ulitakiwa kufanya yote. Pili, ukague kituo. Kemia na baiolojia zina mtihani wa vitendo. Kijana aliyesoma mwaka mzima kwa madaftari ya kuazima, halafu akashika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, hupoteza alama ambazo kitabu hakiwezi kumrudishia. Nenda kituoni, omba kuiona maabara, uliza ni mara ngapi kwa mwezi watahiniwa wa kujitegemea wanaingia. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kituo kingine, hata kama ni mbali.

Na kaa uitazame slipu kwa ukweli: kwa nini kemia ilikuwa E? Kama shule haikuwa na mwalimu kwa miezi sita, kurisiti kwa mwalimu mzuri kutabadilisha kitu. Kama ulikuwa na mwalimu, ulisoma kwa bidii, na bado kemia ilikukataa, mwaka mwingine wa namna ileile utakuletea E nyingine. Nililielewa hili kwa shida. Mimi kemia ya ubaoni ilinishinda. Kemia ya ndani ya chupa, dawa hii ukiichanganya na ile inaganda, maziwa ya ng'ombe aliyedungwa jana hayauzwi leo, hiyo niliielewa siku ya kwanza. Kwa mtu wa namna yangu njia ilikuwa diploma.

Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba na kwingineko. Kozi ya afya ya mifugo na uzalishaji huanzia astashahada, ngazi ya 4, na kufika diploma, ngazi ya 6. Mwenye diploma anaweza kuomba shahada, na kipimo kinachotajwa mara nyingi ni GPA isiyopungua 3.0. Nenda kwenye kozi ukiijua namba hiyo tangu muhula wa kwanza. Wengi huishtukia mwaka wa mwisho, wakati muhula wa kwanza ulishaharibika na hauwezi kurekebishwa. Na usilenge 3.0. Nayo ni ruhusa ya foleni tu, kama tulivyosema. Lenga 4 na zaidi.

Diploma ina faida ambayo kurisiti haina: hata mlango wa shahada usipofunguka, una kazi mkononi. Utaandikishwa na Baraza kama mtaalamu msaidizi, utafanya kazi chini ya daktari, utalipwa. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo kwa baadhi ya kozi za diploma, na fani za kilimo na mifugo zimo. Zamani zetu haikuwepo. Wazazi waliuza mbuzi.

Hasara yake ni miaka, na siifichi. Wenzangu wa kidato cha sita walikuwa mwaka wa nne chuo kikuu wakati mimi naingia wa kwanza. Siku ya kwanza darasani nilikaa nyuma kwa haya. Wiki ya tatu mwalimu akaleta ndama kwenye kibanio, akauliza nani ajaribu kupata joto lake na kutafuta mitoki. Darasa zima likatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeshapima ndama kiasi ambacho sikuweza kuhesabu. Nilipitisha vidole chini ya sikio, pale kwenye pembe ya taya, nikaupata uvimbe wa saizi ya yai, unaoteleza chini ya ngozi. Kipimajoto kikasema 40.8. Nikamwambia mwalimu: ndigana kali, na bado ni mapema. Baada ya hapo wale wadogo zangu ndio walionifuata bwenini niwaelekeze, na mimi nikawafuata wao wanielekeze biokemia.

Kuhusu kwenda nje: Kabete iko Nairobi, Makerere iko Kampala, na Rwanda inafundisha fani hii Nyagatare. Ni vyuo halali na Kiswahili kitakusaidia mtaani kuliko unavyodhani. Kabla ya kulipa, ulizia TCU kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo, na Baraza la Veterinari kuhusu kusajiliwa ukirudi. Ukipata majibu hayo kwa maandishi, yaweke pamoja na vyeti.

Mwaka wa kusubiri

Yeyote anayesubiri, iwe wiki sita za awamu ya pili au mwaka mzima wa kurisiti, asikae mbali na wanyama. Niseme ukweli hapa: kushinda joshoni hakutakuongezea pointi hata moja kwenye udahili wa hapa kwetu. Marekani mwombaji huandika saa alizofanya kazi na daktari wa wanyama, na saa hizo hutazamwa. Kwetu zinatazamwa alama. Basi kwa nini uende? Uende kwa sababu kukataliwa kunamfanya mtu ajione hana mikono. Mwezi mmoja wa kazi huirudisha mikono hiyo. Na uende ujue kama kazi hii unaitaka kweli, maana ina harufu, ina usiku, ina mwenye ng'ombe anayelia mbele yako na huna la kumfanyia. Nilikuwa na binti mmoja aliyekosa nafasi, akanifuata majuma matatu. Siku tuliyomvuta ndama aliyefia tumboni, akamaliza kazi nami hadi mwisho, akanawa, kisha akaniambia kwa upole kwamba hataomba tena. Leo yuko maabara, anafurahia kazi yake. Sikuona kwamba ameshindwa. Aliona kwa macho yake, akaamua kabla ya miaka mitano.

Kazi nzuri ya kuanzia ni kuku. Mdondo, wengine huuita kideri, huua kuku wa kijiji kizima kwa wiki, na chanjo yake ipo: ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani. Maafisa mifugo huwafundisha vijana wa vijijini kuitoa. Jiunge nao. Unatoka saa kumi na moja alfajiri, kuku hawajafunguliwa. Mama mwenye nyumba anawatoa bandani mmoja mmoja. Unamshika kuku ubavuni mwako, kichwa unakilaza upande, jicho moja linatazama juu. Tone moja. Halafu usimwachie. Hapo ndipo wageni wanapokosea. Wanadondosha na kuachia, kuku anakung'uta kichwa, tone linaruka. Unangoja mpaka apepese jicho na tone liingie ndani. Kisha unamwachia, unamchukua wa pili. Nyumba kumi kabla jua halijawaka, na baada ya miezi 3 unarudi nyumba zilezile. Mara ya pili ile mama mwenye nyumba anakuita kwa jina, anakuonyesha vifaranga waliokua. Sijaona dawa ya jina kukosekana kwenye orodha inayofanya kazi kuliko hiyo.

Beba daftari. Andika tarehe, kijiji, mnyama gani, alionyesha nini, daktari alifanya nini, ilikuwaje baada ya siku tatu. Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye elimu, kwa hiyo ikulazimu kurudi kutazama. Daftari langu la mwaka ule bado ninalo, lina alama za dawa ya josho kwenye jalada, na mpaka leo nikikutana na ndama anayehema vibaya kuna kurasa ninazikumbuka.

Lakini kuna mstari, na naomba usiuvuke. Ukishaonekana na koti na gambuti, watu watakuita dokta. Jirani atakuletea ng'ombe jioni, atakuwekea noti mfukoni, atakwambia mchome tu, sindano si unazijua. Usichome. Bila kuandikishwa na bila daktari juu yako unavunja sheria, lakini hata sheria ikiwa mbali, fikiria maziwa. Ng'ombe aliyedungwa antibiotiki maziwa yake humwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo. Asiyejua hilo huyauza kesho yake, na mtoto wa mtu ananyweshwa dawa. Vijana kadhaa wenye akili nzuri wamepotelea hapo. Walianza kwa kusaidia, fedha ndogondogo zikawa tamu, wakawa madaktari wa mtaani, dirisha la maombi likafunguliwa na kufungwa wao wako kwenye pikipiki na begi la sindano. Mwambie jirani: "Mjomba, sijaruhusiwa bado. Lakini ngoja nimpime joto, na nimpigie daktari sasa hivi nimweleze ninachokiona." Hilo unaruhusiwa, na linaokoa.

Kama usingizi umekataa kwa majuma, chakula hakipiti, na unajikuta unafikiri ni bora usingekuwepo, hilo halisubiri awamu ya pili. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo, na mwende pamoja kituo cha afya. Mwambie mhudumu maneno hayohayo, usiyapunguze.

Na kwa kazi hiyo ya mwaka wa kusubiri, pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya wilaya yako au kwa daktari mwenye kliniki karibu nawe. Nenda asubuhi kabla hajatoka, kwa sababu akishatoka hujui atarudi lini. Chukua slipu yako ndani ya bahasha, hata kama hakuna atakayeiomba. Msalimie, kisha sema moja kwa moja: "Daktari, nimemaliza kidato cha sita, nimeomba udaktari wa mifugo nikakosa, na nitaomba tena. Naomba kukufuata mwezi mmoja. Nitabeba, nitashika kamba, nitaosha vifaa, na sitagusa dawa bila wewe kuniambia." Anaweza kukukatalia, wengine wamewahi kuumizwa na vijana waliowaamini. Rudi baada ya wiki moja, umsalimie tena. Akikuuliza una viatu gani, jibu kwamba una gambuti, na kama huna, pita sokoni ukirudi nyumbani.